Kazi Yatima

Kijani tupu, jamani! Kuanzia kichwa cha ukurasa mpaka mkiani hakuna hata doa jekundu, na mjomba wangu kashika simu yake anatabasamu kama bwana harusi.

"Umeiona kazi yako, mwanangu?" akaniambia. "Hata mimi nisiyejua kompyuta naelewa. Kijani, twende. Nyekundu, simama. Basi leo tunatoa nguzo."



Lakini ngoja. Kama wiki iliyopita ulinikosa, utaona nakurupuka tu. Nikupe kwa ufupi ndipo tuendelee.

Nimetoka chuo juzijuzi, nikapata kazi kwenye ofisi ndogo inayotengeneza mifumo ya kompyuta. Nikakabidhiwa mfumo wa kufuatilia miradi wa mkandarasi mmoja. Yaani mimi ndiye niliyepanga menyu ikae wapi, mtu akifungua aone nini kwanza, kitufe gani kiwe kikubwa na kipi kijifiche. Na mkandarasi mwenyewe ndiye aliyemwajiri mjomba wangu, kaka yake mama, msimamizi wa mafundi kwenye jengo la maduka. Niliposikia hivyo nilirukaruka ofisini mpaka nikamwaga chai ya watu.

Bosi wetu tunamwita Bwana Safi. Ukimwonyesha ukurasa wowote anainamisha kichwa upande, anasema, "Punguza. Iwe safi." Nikapunguza. Akasema tena, nikapunguza tena. Mwisho wake mtu akifungua anakuta kitu kimoja tu, Kazi Zangu. Zake yeye, si za mwenzake. Ofisi nzima ikanipigia makofi.

Ndipo akanipigia simu Breki. Huyu ni injinia wa usalama pale kwenye jengo la kina mjomba, na jina hilo alipewa kwa sababu shughuli yake ni kusimamisha shughuli za wengine. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kusikika, "Binti, lile agizo langu umeliweka wapi?"

Simu ikakata. Tuliishia hapo.

Sasa nikiri. Sikuhangaika. Nilidhani mzee wa watu kasahau neno la siri, maana nusu ya simu ninazopigiwa ni za watu wazima waliosahau neno la siri. Nikajisemea nitamtafuta nikienda saiti, kule kwenye jengo lenyewe.

Na saiti nilikuwa nakwenda kweli. Chuoni tulifundishwa kwamba ukishamaliza kuchora, nenda ukakae na mtumiaji, funga mdomo, angalia vidole vyake. Kufunga mdomo kwangu ni adhabu, lakini nilikwenda.

Ofisi ya saiti ni kontena la chuma lenye dirisha moja. Ndani kuna meza, kompyuta ya mezani, na ukutani zinaning'inia kofia ngumu za njano. Katikati ya zile za njano kuna moja nyeupe.

"Hiyo nyeupe ya nani?"

"Ya Breki," alisema mjomba. "Nyeupe wanavaa mainjinia. Kaiacha."

"Kaiacha kaenda wapi?"

"Kahamishwa. Ijumaa jioni kaambiwa, Jumamosi hayupo. Kapelekwa kwenye barabara huko porini. Hata kumuaga hatukumuaga."

 Ijumaa ndiyo siku aliyonipigia.

"Na akaunti yake kwenye mfumo?"

"Haa, mambo ya akaunti unaniuliza mimi? Si yenu hayo?"

Ndipo akanionyesha simu, kijani tupu, na akanitamkia yale maneno ya kutoa nguzo.

Nguzo zenyewe ni hizi. Mafundi wakimwaga zege la ghorofa, chini yake wanasimamisha msitu wa nguzo za muda, zilishikilie mpaka liwe gumu la kujibeba lenyewe. Likishashika, wanazigonga kwa nyundo zinatoka moja moja. Likiwa bado, hakuna anayetaka kuwa chini yake.

Na mimi nilijua kwamba zege lile lilikuwa bado.

Nilijuaje? Kwa rangi. Nilipokuwa nachagua wekundu wa kuweka kwenye mfumo, Breki alikuwa mtu pekee kwenye mradi mzima aliyeandika agizo la kusimamisha kazi. Kwa hiyo nikatumia agizo lake kama mfano. Nikalipaka nyekundu ya damu, nikaona kali. Nikalipaka ya tofali, nikaona imepooza. Siku nzima nilikuwa naliangalia. "Nguzo za ghorofa ya pili zisitolewe. Kipimo cha zege kimefeli. Tusubiri kipimo kipya." Nililikariri kama wimbo bila hata kulisoma.

Sasa liko wapi?

Nikakaa kwenye kiti cha kompyuta. Akaunti ya mjomba ilikuwa wazi, kama kawaida, na neno lake la siri kaliandika kwenye plasta ya kidonda akaibandika pembeni ya skrini.

"Mjomba, si nilikwambia hili usiliandike mahali?"

"Uliniambia nisisahau. Mbona sijasahau?"

Nikatafuta. Hakuna. Nikabofya kila menyu niliyoichora kwa mikono yangu, na zilikuwa tatu tu, maana nyingine nilizipunguza. Hakuna.

Halafu nikakumbuka.

Kila kazi kwenye mfumo ule ina mwenyewe. Inaonekana kwenye ukurasa wa mwenyewe. Mwenyewe akifutiwa akaunti, kazi zake hazifutiki, zinabaki zinaelea tu hazina mtu. Sisi tunaziita yatima. Mwanzoni nilizitengenezea ukurasa wake kwenye menyu, nikauita Yatima, nikauwekea na kapicha ka mwavuli. Bwana Safi akainamisha kichwa.

"Nani anataka kufungua mfumo mzuri hivi akutane na yatima? Ondoa. Iwe safi."

Nikaondoa.

Kwa hiyo Ijumaa mtu alimfuta Breki, na agizo lake likawa yatima, na yatima hana ukurasa. Lipo ndani ya mfumo, jekundu vilevile, na hakuna jicho la mwanadamu linaloweza kuliona.

"Mjomba, simamisha," nikasema. "Zege halijashika. Kipimo kilifeli. Breki aliandika."

"Aliandika wapi?"

"Kwenye mfumo."

"Nionyeshe."

"Halionekani."

 Mjomba si mtu wa kelele. Akikasirika ndiyo kwanza anapunguza sauti.

"Mwanangu. Nilikuwa na ubao pale mlangoni, umekaa na mimi miaka. Naandika kwa chaki, simama hapa, endelea pale, fundi akipita anaona. Nani alikuja akaufuta?"

"Mimi."

"Ukasema nini mbele ya vijana wangu?"

Nikageuzia macho kwenye skrini.

"Sema tu."

"Nikasema kama hakipo kwenye skrini, hakipo."

"Vijana wakacheka, wakaniita mzee wa chaki. Nikameza. Sasa wewe unakuja asubuhi ya kazi unaniambia kipo ila hakionekani. Nikawaambie nini? Kwamba mpwa wangu kaota?"

"Mjomba, nakuomba."

"Na Breki namjua. Yule angesimamisha hata harusi yake akague viti. Makao makuu wamenipigia asubuhi hii, wageni wanafika leo, nguzo ziwe zimetoka waweze kupita chini waone nafasi ya maduka. Nikiwaambia hapana, wataniuliza kwa nini. Wataangalia skrini. Watakuta kijani. Kesho na mimi nitakuwa huko kwenye barabara."

Hapo nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa anakataa kwa sheria ileile niliyomfundisha mimi.

Akavua simu kutoka kwenye kamba ya shingoni akaniwekea kiganjani.

"Shika. Hii ni simu yangu na huu ni ukurasa wangu. Vijana wanakunywa chai sasa hivi. Nipate nyekundu moja tu humo kabla hawajamaliza, nasimamisha kila kitu, na akija mkubwa yeyote nitamwonyesha. Ikibaki kijani, tunagonga."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nguzo ya kwanza huwa nagonga mimi. Siwezi kumtuma mtoto wa mtu chini ya zege halafu nikae kivulini."

Akavaa kofia yake, akatoka. Mlango wa kontena akauacha wazi.

Nikampigia Breki. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikampigia Miwani, yule kaka anayeandika mfumo wenyewe pale ofisini, mimi nachora yeye anajenga. Akapokea kwa kunong'ona.

"Dada, tuko kwenye maonyesho. Bosi kawakalisha wageni wa mkandarasi mbele ya skrini kubwa. Usinipigie."

"Kuna yatima kwenye jengo la maduka. Lirudishe lionekane."

"Ule ukurasa si tuliuondoa?"

"Urudishe."

"Katikati ya maonyesho? Unataka nifukuzwe na wewe unifuate?"

"Kaka, mjomba wangu anaingia chini ya zege bichi."

 Halafu nikasikia sauti nyingine, laini, karibu na simu. Bwana Safi.

"Ni nani huyo? Nipe." Kisha kwangu, "Mdogo wangu, vipi saiti? Wanafurahia?"

Nikamweleza yote kwa mkupuo. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilitosha kunitisha, maana Bwana Safi hajawahi kunisikiliza mpaka mwisho.

"Uko wapi hapo?"

"Kwenye kontena."

"Peke yako?"

"Ndiyo."

"Sawa. Sasa sikiliza. Sisi hatujengi majengo. Sisi tunatengeneza kurasa. Mambo ya zege yana wenyewe. Hapa mbele yangu wamekaa watu wanaangalia mradi wao, wanaona kijani, wanafurahi. Usiguse kitu. Kaa hapohapo ulipo."

Akakata.

Kaa hapohapo ulipo. Kwa nini nikae? Nilijiuliza baadaye. Wakati ule nilikuwa natazama dirishani tu, vijana wamechuchumaa kivulini na vikombe vyao, wanacheka, na nyuma yao ule msitu wa nguzo umesimama gizani.

Simu yangu ikaita. Miwani.

"Niko chooni," akasema. "Sema haraka. Siwezi kurudisha ukurasa. Ila yatima naweza kumtafutia mlezi. Nikimwandika mtu kuwa mwenyewe, litaonekana kwake. Nimwandike nani?"

"Mimi. Haraka, niandike mimi."

Nikasikia vidole vyake. Simu yangu ikatetemeka. Nikaangalia. Jekundu! Wekundu wangu ule ule, na maneno yale yale. Nguzo za ghorofa ya pili zisitolewe.

Nikaangalia simu ya mjomba. Kijani.

"Kaka, kwake halijaonekana."

"Litaonekanaje? Nimekuandika wewe, umeliona wewe. Kila mtu na zake. Si ndivyo ulivyochora?"

Ningekuwa na nafasi ningelia. Sikuwa nayo. Kijana mmoja alikuwa ameshasimama anakung'uta kikombe.

"Mwandike mjomba."

"Ukimwandika mjomba anakuwa na kitufe cha Maliza. Akibofya tu, limefungwa, linakuwa kijani."

"Mjomba hawezi kubofya. Simu yake ninayo mkononi."

"Haya."

Ikatetemeka. Nikaona kwa macho yangu, kwenye simu ya mjomba, juu kabisa ya orodha, mstari mwekundu kama kidonda.

Sikumpa hata neno la asante. Nikanyakua kofia ukutani. Mkono ulikwenda kwanza kwenye ile nyeupe, nikaiacha kwa sababu ilikuwa pana ingenifunika macho, nikachukua ya njano. Nikatoka mbio. Mlango nikauacha kama nilivyoukuta, wazi. Hilo likumbuke.

Viatu vyangu vya ofisini na kokoto si marafiki. Nilijikwaa mara sijui ngapi. Vijana wakaanza kushangilia, "Mbio, dada wa skrini!" na mmoja akasema nikianguka watanipigia plasta bure. Sikuwajibu. Nilikuwa nimeinua simu juu ya kichwa kama mtu aliyeokota kombe.

Mjomba alikuwa amesimama pembeni kabisa mwa zege, mguu mmoja juani, mwingine kivulini, nyundo begani.

"Nyekundu," nikasema. Pumzi zilikuwa zimeniishia. "Mjomba. Nyekundu. Angalia."

Akashusha nyundo. Akajipangusa vidole kwenye suruali, akachukua simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na uso ili aone vizuri.

Akasoma. Akasoma tena.

"Umenikimbilia hivi," akasema taratibu, "unionyeshe kijani?"

"Hapana, iko juu kabisa."

"Njoo uone."

Nikaona. Mstari ulikuwa palepale juu, maneno yalikuwa yaleyale. Ila ulikuwa wa kijani. Na chini yake, kwa herufi ndogo nilizozichagua mwenyewe ili zisisumbue macho, mfumo ulikuwa umeandika kwamba kazi imekamilika, na aliyeikamilisha, jina kamili la mjomba wangu.

"Mimi sijagusa," nikasema. "Wallahi sijagusa. Nilikuwa nimeishika hivi, juu."

"Najua hujagusa. Mimi pia sijagusa."

Simu yangu ikaita. Miwani, na safari hii hakunong'ona.

"Dada, kwa nini mmelifunga?"

"Hatujalifunga sisi. Ni bosi?"

"Bosi niko naye hapa chumbani, namwona, mikono mfukoni. Na halijafungwa kwa simu. Ngoja nisome." Vidole vikakimbia. "Limefungwa kwenye kompyuta ya mezani. Hiyo ya kontena. Sasa hivi. Nani yuko kwenye kontena?"

Nikageuka. Mjomba naye akageuka, maana Miwani alikuwa anaongea kwa sauti ya kusikika.

Mlango wa kontena ulikuwa umefungwa.

Na dirishani, kwa ndani, alisimama mtu ametupa mgongo. Hatukumwona uso. Tuliona mabega, na juu ya mabega kofia. Nyeupe.

"Breki," nikasema.

"Breki hana mabega hayo," akasema mjomba, na sauti yake ilikuwa imeshuka chini kabisa.

Hapo ndipo tuliposikia. Nyuma yetu, ndani ya giza la nguzo. Ko. Chuma juu ya mti. Kimya kidogo. Ko.

Wakati sisi tunatazama dirishani, kijana aliyemaliza chai kwanza alikuwa ameingia. Alimwona mjomba kasimama na nyundo, akamwona kashika simu, akaona rangi kwa mbali. Kijani, twende. Kila mtu pale alikuwa amelijua somo langu.

"Toka humo," mjomba akaita. "We kijana, acha, toka."

Ko.

Mjomba akanirudishia simu kifuani kama anayenikabidhi mtoto. "Wewe usivuke huu mstari wa kivuli. Umenisikia? Hata nikikuita, usivuke." Nyundo akaitupa chini. Akainama, akaingia mbio kati ya nguzo, na kofia yake ya njano nikaiona mara mbili tatu, ikipotea na kutokea, halafu sikuiona tena.

Kutoka juu, kwenye ukingo wa zege, ukaanza kumwagika mchanga mwembamba. Taratibu, kama chumvi.

Simu ya mjomba ikatetemeka mkononi mwangu. Nikaitazama nikidhani ni mfumo. Ilikuwa imeandika, Dada. Kwa mjomba, Dada ni mtu mmoja tu. Ni mama yangu.

Sijui kwa nini nilipokea.

"Kaka," mama akasema, "mbona kimya tangu asubuhi? Huyo mwanangu kafika huko? Usimwache akusumbue na mambo yake ya kompyuta. Leo unatoka saa ngapi?"

Mchanga ulikuwa umeshafanya kichuguu kidogo mbele ya viatu vyangu.

"Mama, ni mimi."

"Ala. Na mjomba wako yuko wapi?"

Nikatazama ndani ya nguzo. Ile nyundo ilikuwa imenyamaza. Kitu kingine ndicho kilichokuwa kinalia huko ndani, kirefu, kama mlango mzito unaosukumwa na mtu asiye na haraka.

"Nitakuambia kesho, mama," nikasema. "Kesho nitakuambia yote."